Loisi na Ngazi za Mahakama

Loisi Mwazembe alimpiga Felix kwa mwiko wa ugali mbele ya madereva wa malori, na hakumpiga kidogo. Alianza na bega, akahamia mgongoni, na Felix alipojaribu kujinyanyua akamtwanga pembeni mwa kichwa mpaka akapiga magoti kwenye tope la foleni ya malori pale Chapwa, mpakani Tunduma. Madereva walicheka. Wazambia waliokuwa wakila kwenye benchi, wale waliozoea kumwita bamayo, yaani mama kwa lugha yao, walipiga miluzi na kugonga sahani kwa vijiko. Felix aliondoka akichechemea, damu ikimchuruzika sikioni, na hadi jioni foleni nzima ilijua kwamba amepigwa na mama lishe.

Felix alikuwa mtu wa kuogopwa pale. Alijifanya mpangaji wa foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na dereva asiyemsikiliza aliamka akakuta tairi zimetobolewa. Siku ile alimkuta Ruti, mdogo wake Loisi, akiosha vyombo nyuma ya lori. Akamziba mdomo, akamsukuma kwenye tairi, akamchania blauzi. Loisi alisikia beseni likianguka. Alizunguka lori na mwiko mkononi, ukiwa bado na ugali wa moto.

Ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Alizaliwa Igamba, katika nyumba ya wakulima wa kahawa, na shuleni wavulana walimwita ngumi mkononi. Alipohamia Tunduma na kufungua kijiwe chake cha chakula, alibeba magunia ya mkaa mwenyewe, akapanga meko mwenyewe, na mlevi aliyekula akataka kuondoka kwa ubabe alitupwa nje kwa kushikwa kola. Mwili wake ulikuwa ndio mlinzi wake, na hakuwahi kufikiria kwamba siku moja utamwacha.

Felix alirudi baada ya siku chache, jua likizama, pamoja na kijana wake mmoja aitwaye Brayan. Loisi alikuwa ameinama akipanga sahani. Brayan alisimama upande wa pili wa meza kama mteja, akaagiza wali, kisha akamdaka mikono yote miwili na kumvuta kwa nguvu mpaka akalala kifudifudi juu ya meza, sahani zikavunjika chini ya kifua chake. Felix alikuwa nyuma yake na spana ndefu ya kufungulia nati za tairi.

Alipiga kiuno. Akapiga tena palepale. Loisi alisema baadaye kwamba pigo la pili hakulisikia kama maumivu, alilisikia kama sauti, kama mtu amevunja muwa karibu na sikio lake. Baada ya hapo miguu ikawa si yake. Felix aliendelea kupiga, na angeendelea mpaka amuue kama Ruti asingeinua sufuria ya mchuzi wa maharage iliyokuwa ikichemka na kummwagia shingoni. Felix alipiga yowe, akaitupa spana na kukimbia huku akijikwangua ngozi. Brayan alimfuata. Loisi aliteleza kutoka mezani kama gunia lililofunguliwa, akakaa chini katikati ya vipande vya sahani na maharage, akimwambia Ruti, "Ninyanyue. Ruti, ninyanyue. Mbona hauninyanyui?" Na Ruti alikuwa anamnyanyua kwa nguvu zake zote.

Hospitalini daktari alimwambia kwamba uti wa mgongo umekatika na hatatembea tena. Loisi alimrushia kikombe cha uji. Siku nyingine alimpiga kofi muuguzi aliyemgeuza bila kumwambia, na alipofika kaka yake Zebedayo kutoka Igamba na kujaribu kumbeba kumpeleka juani, alimpiga ngumi za kifua mpaka akamrudisha kitandani. Hakutaka kubebwa. Alisema kwamba watu wakikubeba wanaongea juu ya kichwa chako, wanaulizana wao kwa wao kama umeshiba, kama umejisaidia, kama unasikia baridi, na wewe uko hapohapo mikononi mwao.

Kanisa la kwao lilimnunulia kiti cha magurudumu. Alijifunza kukiendesha kwa hasira. Viganja vilichubuka, vikaota malengelenge, malengelenge yakapasuka, na mwishowe vikawa vigumu kama nyayo. Alipata vidonda vya kukaa ambavyo vilinuka na kumnyima usingizi. Lakini alirudi Chapwa, kwenye chumba alichopanga na Ruti, akasubiri kesi.

Maana Felix alikuwa amekamatwa. Alijificha Mkwajuni kwenye mashimo ya dhahabu, na wachimbaji wenyewe ndio waliomtoa baada ya yeye kumpasua mwenzao kwa chupa. Alishtakiwa kwa kumdhuru Loisi mwili. Brayan hakuonekana. Wakili wa serikali aliyeendesha mashtaka alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Mwanaasha, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku, mwembamba, mwenye hijabu nyeusi na sauti ya chini. Alimwambia Loisi kwa simu, "Dada, wewe ndiye shahidi wangu mkubwa. Njoo useme tu kilichotokea."

Loisi akaenda. Mahakama ilikuwa imepanga kwa muda ghorofa ya juu ya jengo la biashara, huku majengo yake yakikarabatiwa. Chini kulikuwa na maduka na ukumbi mtupu, barazani fundi cherehani na mashine yake. Kutoka barabarani ulivuka mtaro, ukapanda vipandio vya baraza, halafu ndipo ngazi zenyewe, nyembamba, za vigae vinavyoteleza, zikipinda katikati.

Mlinzi alimtazama, akatazama kiti. "Subiri hapohapo, mama. Watakuja."

"Nani watakuja?"

"Watakuja tu."

Ruti alimpigia Mwanaasha, simu imezimwa, akataka kupanda kutoa taarifa. Mlinzi akamzuia, akasema mashahidi hawapandi mpaka waitwe. Wakakaa juani, ng'ambo ya mtaro. Baadaye Loisi alisikia jina lake likiitwa juu, kwenye korido. "Loisi Mwazembe!" Akaitika kwa sauti kubwa, "Niko hapa! Niko chini!" Lori likapiga honi barabarani. Jina likaitwa mara ya pili, na ya tatu, na yeye akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akampigia mlinzi kelele aende akaseme, na mlinzi akasema haruhusiwi kuacha mlango. Juu kukawa kimya. Kesi iliahirishwa kwa kuwa shahidi hakufika.

Felix alishuka ngazi katikati ya askari wawili, akarudishwa mahabusu. Shingo yake ilikuwa na kovu la kuungua, limejikunja kama utando wa maziwa. Alipomwona Loisi ng'ambo ya mtaro alielewa mara moja kilichotokea. Akacheka kicheko cha kweli, cha mtu aliyepewa zawadi.

Mwanaasha alipoambiwa alishika kichwa. Akaahidi kwamba safari ijayo watatafutwa watu wa kumpandisha. Loisi alikataa, kisha akakubali kwa ajili ya kesi.

Siku ya kesi wanaume wawili waliitwa kutoka barabarani na mlinzi, mmoja akashika kiti mbele, mwingine nyuma. Wa nyuma alivaa kofia iliyoshushwa usoni, na Loisi hakumwona. Ruti alikuwa ametangulia juu, safari hii kwa ruhusa, kuwaambia kwamba shahidi anakuja. Walipofika pale ngazi zinapopinda, Loisi alisikia pumzi sikioni, na sauti ikamwambia taratibu, "Mama lishe, bado una nguvu?"

Aliijua sauti. Alikuwa ameisikia upande wa pili wa meza. Akafungua mdomo kupiga kelele, na Brayan akaachia, akajibana ukutani.

Kiti kiliruka kinyumenyume. Loisi alianguka na kisogo, akabiringika na kiti, gurudumu likamkandamiza mkono, mdomo ukagonga ukingo wa kigae. Alipofika chini meno mawili ya mbele yalikuwa yamebaki juu kwenye ngazi, mfupa wa bega umevunjika, na damu imejaa koromeo mpaka anakohoa. Kijana wa mbele alisimama ameduwaa, mikono imeinuka kama bado ameshika kitu. Brayan alishuka mbio, akamruka Loisi, akavuka mtaro na kupotea sokoni. Mlinzi alisema ni bahati mbaya, ngazi zinateleza.

Loisi akiwa amelazwa, kesi ilitajwa tena. Hakimu aliyekuwa akiisikiliza alisema imeahirishwa mno, mshtakiwa ana haki zake, upande wa mashtaka umeshindwa kuleta shahidi. Akamwachia Felix, kwa kifungu kile kinachoruhusu mtu kukamatwa na kushtakiwa upya, lakini nani mtaani anajua vifungu? Kilichojulikana ni kwamba Felix yuko nje.

Alikuja Chapwa mchana kweupe. Alisimama uani, akaokota tofali na kulirusha juu ya bati la chumba cha Loisi, akaokota jingine na kuvunja dirisha. Majirani walifunga milango. Akamwambia Ruti aliyesimama mlangoni na kisu cha vitunguu, "Mwambie dada yako aendelee kupanda ngazi. Ni mazoezi mazuri." Loisi alikuwa ndani amelala, bega limefungwa, vipande vya kioo vimemwangukia kifuani. Alisikia kila neno.

Zebedayo alipopata habari alikuja kutoka Igamba na panga. Hakulificha. Aliingia chumbani, akaketi, akalinoa kwenye jiwe mbele ya dada zake. Alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, baba wa watoto.

"Unakwenda wapi na hilo?" Loisi aliuliza.

"Unajua ninakokwenda."

"Kaka, weka chini."

"Wamekuvunja mgongo nikakaa. Wamekuvunja meno nikakaa. Sasa wamekuja mpaka nyumbani. Nikae mpaka lini?"

Akasimama. Loisi, kwa mkono mmoja uliokuwa mzima, alisukuma kiti alichokalia mpaka kikaziba mlango. Zebedayo alijaribu kukisogeza kwa upole. Loisi akamshika mkanda. Zebedayo akamsukuma kwa nguvu, na Loisi akamng'ata mkono ulioshika panga, akang'ata kwa meno yaliyobaki mpaka akaonja damu, na Zebedayo akapiga kelele na kumpiga kichwani kwa ngumi, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia hata walipokuwa watoto. Panga likaanguka. Loisi akajirusha kutoka kwenye kiti, akaanguka juu ya panga, juu ya miguu ya kaka yake, akaikumbatia.

"Nikanyage," alisema. "Nikanyage upite. Umuue, ufungwe, wanao wale nini? Mimi nataka aulizwe. Nataka aulizwe mbele ya watu kwa nini alinivunja, na mimi niwepo nisikie anavyojibu. Ukimuua hatajibu kitu."

Zebedayo alikaa chini palepale akalia kama mtoto, damu ikimdondoka kwenye kiwiko. Ruti alilichukua panga na kulitupa chooni.

Siku iliyofuata Loisi alimwambia Ruti amsukume mpaka ofisi ya Mwanaasha. Nako kulikuwa na ngazi. Hakupanda. Alikaa katikati ya maegesho, mbele ya gari la mkuu wa ofisi, akasema haondoki hapo mpaka wakili ashuke. Mwanaasha alishuka, akachuchumaa mbele ya kiti ili macho yao yawe sawa.

"Hakimu alisema sikufika," Loisi alisema. "Mimi nilifika. Nilifika mara mbili."

"Najua, dada."

"Aliyenivunja mgongo anapanda ngazi na kushuka. Mimi niliyevunjwa ndiye ninayeambiwa sikufika. Hiyo sheria gani?"

"Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo, ya tangu mwaka 2010. Inataka majengo ya umma yafikike."

"Na yenyewe iko ghorofani?"

Mwanaasha alisema, "Mahakama inaweza kushuka. Nilitakiwa kuomba hivyo tangu mwanzo, nikatafuta wabebaji. Nafungua kesi upya. Na huyo aliyekuachia kwenye ngazi naye anaingia humo."

Fundi cherehani wa pale barazani alikuwa ameona tukio lote la ngazini, na alikubali kusema. Felix alikamatwa mpakani akijaribu kuvuka kwa njia za panya. Brayan alikutwa nyumbani kwa shangazi yake, chini ya kitanda, akavutwa kwa miguu.

Kesi mpya ilipangiwa hakimu mwingine, Abdulwahab, mzee mfupi mwenye miwani. Mwanaasha alikuwa ameandika ombi kwamba shahidi asikilizwe chini, lakini siku ilipofika ombi lilikuwa halijajibiwa, na amri iliyoshuka kutoka juu kwa mdomo wa mlinzi ilikuwa fupi. "Apandishwe."

"Sibebwi," Loisi alisema.

"Mama, hakimu amesema upandishwe."

"Nimesikia. Sibebwi tena."

Mlinzi alivuka mtaro, akampitisha mikono kwapani na kuanza kumnyanyua kwa nguvu, akiligusa lile bega lililounga vibaya. Loisi alipiga yowe, akarudisha kichwa nyuma, kisha akamtandika ngumi ya mdomo. Mlinzi aliyumba, akatema damu. Akachomoa rungu. Ruti akamrukia mgongoni. Askari polisi wawili wakaja mbio, mmoja akamvuta Ruti kwa nywele, watu wakajaa, mtu akatupa chupa, fundi cherehani akasimama mbele ya kiti na mkasi wake mkononi akisema hapiti mtu.

"Nitakukamata kwa kumpiga mlinzi!" askari alimpigia kelele Loisi.

"Nikamate! Mahabusu yenu iko juu au chini?"

Watu wakacheka, kicheko kile cha hasira kinachotangulia mawe. Ndipo Hakimu Abdulwahab alipotokea kwenye ngazi. Alishuka polepole, akishika ukuta, maana naye vigae vilimtelezesha. Akasimama barazani, akamwangalia mlinzi mwenye damu mdomoni, akamwangalia Ruti aliyekuwa ameshikwa nywele, mwisho akamwangalia mwanamke kwenye kiti.

"Mwachie huyo binti," alimwambia askari. Kisha, "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Loisi Mwazembe, Mheshimiwa. Yule asiyefika mahakamani."

Hakimu aliondoa miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Halafu akageuka kwa karani wake. "Leteni meza. Leteni viti na majalada. Mahakama inakaa hapa."

Wakili wa Felix alipinga. Alisema ni barabarani, kuna vumbi, heshima ya mahakama iko wapi. Hakimu alimjibu kwamba heshima ya mahakama ilidondokea kwenye zile ngazi pamoja na meno ya shahidi, na akamwomba aketi.

Wakakaa pale kwenye maegesho, ng'ambo ya mtaro. Felix na Brayan walisimamishwa wakiwa na pingu, karibu zaidi na Loisi kuliko ambavyo wangekuwa juu. Loisi aliapa. Akaeleza: beseni, blauzi, mwiko, meza, mikono ya Brayan, sauti ya mfupa. Alieleza vidonda vya kukaa na harufu yake, bila kushusha macho.

Wakili wa Felix akauliza, "Ni kweli wewe ndiye uliyeanza kumpiga mteja wangu?"

"Ndiyo. Nilimpiga."

"Kwa mwiko. Kichwani."

"Kichwani, mgongoni na begani. Alikuwa anamchania mdogo wangu nguo. Akimshika tena leo, nitampiga tena leo, hapa nilipokaa."

Felix hakuweza kuvumilia. Aliruka mbele na pingu zake, akamfikia, minyororo ikamkwaruza Loisi shavu, na kiti kikainuka upande mmoja. Loisi hakurudi nyuma, hakuwa na pa kurudi. Alimshika kovu la shingo na kulifinya kwa kile kiganja kilichokomaa kwa magurudumu, na Felix akaanguka magotini akipiga ukelele, kabla askari hawajamlalia na kumkandamiza uso kwenye changarawe. Hakimu alikuwa amesimama. Karani alikuwa ameandika kila kitu.

Felix alifungwa miaka saba, Brayan minne. Hukumu iliposomwa, hapohapo kwenye maegesho, Loisi alitarajia atafurahi. Alihisi tu uchovu, na njaa. Alimwomba Ruti amtafutie chai.

Hakimu Abdulwahab aliamuru pia kwamba kesi zote zenye watu wenye ulemavu zisikilizwe katika ule ukumbi wa chini, na mwenye jengo ajenge njia ya mteremko kuvuka mtaro na baraza. Mwenye jengo alimleta fundi mmoja, Aliko, ambaye alimwaga zege upesiupesi na kusema amemaliza. Loisi alikwenda kuitazama. Ilikuwa na mwinuko mkali kama paa la bati. Alimwambia Aliko akae kwenye kiti apande. Aliko akacheka, akakaa, akasukuma, akafika nusu, mikono ikamwishia. Kiti kikarudi nyuma kwa kasi na kumtupa mtaroni, akapasuka nyusi. Alitoka na matope hadi kifuani, akiwa hacheki. Akachukua nyundo kubwa, akavunja zege yake mwenyewe tangu juu hadi chini huku akitukana, na alipojenga mara ya pili aliivuta njia ndefu mpaka karibu na barabara.

Loisi bado anapika Chapwa. Meko ameyashusha yawe sawa na kiti, na Ruti anabeba sufuria nzito. Ndugu zake Brayan walipita wakakitemea mate chakula chake, naye akawamwagia maji ya kuoshea vyombo. Bega linamuuma wakati wa baridi. Ana hasira ileile, na hajaambiwa na mtu yeyote aiache.

Wiki iliyopita kuna mchimbaji mmoja alikuja kutoka Mkwajuni, mguu mmoja umekatwa baada ya shimo kumwangukia. Alikuwa amesikia habari zake. Alisema kuna ofisi moja ya serikali imemwita kwa ajili ya mafao, iko ghorofa ya pili, na wamemwambia atafute wa kumbeba.

Loisi alimpakulia wali, akasubiri ale. Kisha akajifuta mikono kwa aproni na kumwambia Ruti apunguze moto.

"Wanafungua saa ngapi?" aliuliza.